Kriketi ni "mchezo wa Wahindi"? Tulieni niwape historia, halafu tuongee kuhusu Kilosa na Mikumi

Leo tunaweka pembeni nani kaachana na nani, tunaongea historia. Msikimbie, mtaipenda tu.

Aprili 2025 vijana wa Tanzania chini ya miaka 19 walienda Lagos, Nigeria, kwenye michuano ya Afrika ya kufuzu Kombe la Dunia la kriketi. Wenyeji Nigeria walikuwepo, Kenya walikuwepo, wazoefu kibao walikuwepo. Tiketi ikachukuliwa na Tanzania. Mara ya kwanza katika historia yetu! Fainali zenyewe zilipangwa Januari na Februari 2026 Zimbabwe na Namibia, na chekesho ni kwamba Namibia mwenyeji mwenza hakufuzu, sisi tukafuzu.

Nikapita mitandaoni nione shangwe. Nilichokuta ni kimya, na wachache waliofungua mdomo waliandika kitu kilekile: "Aah, si ule mchezo wa Wahindi." Kwisha habari. Kama timu ya mpira wa miguu ingefuzu kwa staili hiyo, mji ungelala macho.

Ile komenti ilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma nijue hili jina "mchezo wa Wahindi" limetoka wapi. Nilichogundua ni kwamba halikutoka kwenye mchezo wenyewe. Lilitokana na nani alikuwa na kiwanja, nani alikuwa na klabu, na mtoto gani aliruhusiwa kukaa darasa gani.

Kwanza kwa wasioujua mchezo. Kama umewahi kucheza rede, uko nusu ya safari. Mtu anasimama na gongo bapa mbele ya vijiti vitatu. Mwenzake anarusha mpira kutaka kuvipiga vile vijiti. Mwenye gongo anaupiga mpira mbali, halafu anakimbia kubadilishana upande na mwenzake. Kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja. Mpira ukigusa vijiti, au ukidakwa kabla haujagusa chini, unatoka. Mirusho sita inaitwa ova. Hayo mengine utajifunzia uwanjani.

Sasa historia. Twende Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19. Pale Kiungani, wamisionari wa UMCA walikuwa na shule ya wavulana, na wengi wao walikuwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wamisionari walikuwa Waingereza, na Mwingereza wa enzi zile aliamini shule bila michezo si shule. Basi Kiungani walicheza mpira wa miguu na walicheza kriketi. Yaani miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kushika gongo la kriketi kwenye ardhi hii ni watoto weusi waliotoka utumwani. Majina yao hatuyaimbi popote. Ila walikuwepo, na walicheza.

Kwa hiyo mtu akikwambia huu mchezo haujawahi kuwa wa Mwafrika, mtajie Kiungani.

Kwa nini basi haukusambaa kama soka? Sababu ya kwanza ni Mjerumani. Bara ilikuwa koloni la Mjerumani mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia, na Mjerumani hana habari na kriketi. Yeye alijenga reli. Ile Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapanda Kilosa, ikaendelea mpaka ikagusa Kigoma mwaka 1914. Reli ikaleta mashamba ya mkonge, mashamba yakaleta vibarua na maduka, na Kilosa ikachangamka ikawa mji. Lakini kriketi haikupanda behewa la Mjerumani. Bara ilishika kasi baada ya Mwingereza kuchukua nchi.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Mwingereza aliigawa jamii kwa rangi kama mtu anayepanga nguo kabatini. Wazungu na klabu zao, Wahindi na klabu zao kufuata jumuiya zao, Mwafrika kwenye klabu hizo aliingia kama mfanyakazi. Shule hivyohivyo: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Mfumo huo wa shule uliondolewa rasmi kuanzia mwaka 1962, baada ya Uhuru.

Fikiria maana yake. Kriketi inataka kiwanja kilichotunzwa, gongo, mpira mgumu, pedi za miguuni na mtu wa kukufundisha. Soka inataka makaratasi na kamba, unafunga mpira, mnaanza. Mchezo wenye vifaa ukabaki kule kwenye vifaa. Wahindi walikuwa na klabu na shule zilizoucheza, watoto wao wakaurithi. Mtoto wa kibarua wa mkonge hakuukataa mchezo. Hakuna aliyempa.

Na mimi huwa nawaza kuhusu wale waliokata nyasi. Kila kiwanja cha kikoloni kilikuwa na Waafrika wa kukitunza na kuokota mipira. Hao waliuangalia mchezo kila wikiendi kwa miaka. Walijua sheria, walijua nani mzuri na nani anaigiza. Kwenye karatasi za matokeo hawapo.

Twende 1975. Kombe la Dunia la kriketi la wanaume linafanyika kwa mara ya kwanza kabisa, Uingereza. Timu ni nane tu duniani, na moja inaitwa Afrika Mashariki. Ndiyo, sisi! Kikosi kilichanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na hata Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Kutoka kwetu walikuwepo Praful Mehta, aliyedaka nyuma ya vijiti, na Shiraz Sumar. Kutoka Uganda alikuwepo John Nagenda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi na mtu wa siasa.

Matokeo? Tulipigwa, tusidanganyane. New Zealand walipiga mikimbio 309, na mchezaji wao Glenn Turner peke yake akafikisha 171 bila kutolewa. Sisi wote kwa pamoja tukaishia 128. India wakatufunga bila kupoteza hata wiketi moja. England wakatutoa kwa mikimbio 94. Mechi tatu, vichapo vitatu, tukarudi nyumbani. Lakini kumbuka wale jamaa hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa na kazi zao, na kriketi ilikuwa ya wikiendi.

Kinachoniuma kwenye kile kikosi sio vichapo. Angalia majina ya Watanzania pale. Miaka 13 baada ya shule kuunganishwa, klabu zilikuwa bado ndizo chujio. Mtoto wa Kilosa hakuwa na klabu, kwa hiyo hakuwa na njia.

Na klabu zenyewe zilikuwa zinapungua nguvu. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mashamba makubwa ya mkonge yakataifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, na Wahindi wengi wakafungasha wakaenda Uingereza na Canada. Sisemi sera zilikuwa mbaya au nzuri, hilo mtabishana wenyewe. Nasema kilichoupata mchezo: ulitegemea jumuiya chache, na jumuiya zile zilipopungua, mchezo ukabaki zaidi kwenye viwanja vichache, vingi vikiwa Dar. Hilo ndilo tatizo la mchezo unaoshikiliwa na mlango mmoja.

Mwaka 2001 Tanzania ikawa mwanachama wa ICC kwa jina lake yenyewe, siyo tena chini ya mwavuli wa Afrika Mashariki na Kati. Hapo ndipo kazi ya kupeleka kriketi mashuleni ikaanza kuonekana, na majina kwenye timu za taifa yakaanza kuchanganyika.

Sasa nisikilizeni, hii ndiyo stori yangu niipendayo. Oktoba 2008, Dar es Salaam iliandaa Ligi ya Dunia ya kriketi, Daraja la Nne. Daraja la Nne, yaani chini huko. Walikuja Hong Kong, Italia, Fiji, Jersey, na timu moja ya jamaa wa Afghanistan. Wengi wa wale Waafghanistan walijifunzia kriketi kwenye kambi za wakimbizi Pakistan, na mipira ya tenisi iliyozungushiwa gundi ya plasta. Walikuja hapa mjini kwetu na wakabeba kombe.

Unajua walichofanya baadaye? Mwaka 2017 walipewa hadhi ya kucheza Test, ngazi ya juu kabisa. Mwaka 2024 wakawatoa Australia na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Timu iliyopita Dar kwenye daraja la chini! Na droo ya Kombe la Dunia la vijana 2026 ilipotoka, Tanzania ikapangwa kundi moja na nani? Afghanistan, pamoja na Afrika Kusini na West Indies.

Wale Waafghanistan wakubwa hawakuanza na viwanja vya nyasi. Walianza na watoto wengi wanaocheza kila siku. Basi.

Kina dada zetu nao wasisahaulike. Mwaka 2019 kule Kigali, Fatuma Kibasu alipiga mikimbio 108 bila kutolewa dhidi ya Mali, na Tanzania ikafikisha 285 kwa kupoteza wiketi moja tu. Mali walikuwa wachanga kwenye mchezo, hilo kweli, ila mia ni mia. Niambieni ukweli, wangapi mlikuwa mnalijua jina lake kabla ya leo?

Sasa Kilosa na Mikumi zinaingiaje?

Mimi nimemaliza kidato cha nne mkoani Morogoro. Shuleni kwetu michezo ilikuwa miwili: wavulana mpira, wasichana netiboli. Ukiwa huwezi hivyo viwili, unaitwa mvivu, unapewa fagio. Kuna mwenzetu alikuwa na shabaha ya mawe isiyo ya kawaida, embe aliloliona halibaki mtini. Mpira wa miguu hajui kabisa. Leo nikiangalia kriketi namkumbuka, maana ule mkono ulikuwa wa kurusha mpira kwenye vijiti. Hakuna aliyejua, hata yeye.

Kilosa ina treni, ya zamani na sasa SGR. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Iringa na Mbeya, mabasi na malori yanapita usiku na mchana, na hifadhi iko palepale tangu 1964. Hizi siyo sehemu zilizojificha. Watu wa Dar wanapita kila siku wakipiga picha twiga kwa dirishani. Lakini mtoto wa pale akitaka kuonekana kwenye kriketi, macho ya wanaochagua yako Dar, kwenye viwanja kama Annadil Burhani, Gymkhana na Leaders. Ndiyo, Leaders hiyohiyo tuliyomuagia Kanumba mwaka 2012, imechezewa kriketi pia.

Ndiyo maana mimi naamini kwenye matamasha ya vijana ya mikoani kuliko hotuba. Bonanza la kriketi la watoto halitaki utajiri. Timu za watoto sita au wanane, mpira laini, gongo la plastiki au la mbao alilochonga fundi wa mtaani, vijiti, ova chache. Utaratibu wake mzuri ni huu: kila mtoto anarusha na kila mtoto anapiga, hakuna wa kukaa benchi siku nzima. Uwanja wa shule ya msingi unatosha. Asubuhi shule za Kilosa, mchana za Mikumi, jioni wanakutana. Mwalimu mmoja anahesabu mikimbio ubaoni kwa chaki, na hapo hesabu za kujumlisha zinaingia bila kiboko.

Hiyo siku moja inafanya kitu ambacho klabu za zamani hazikufanya: inamleta mtu wa kuchagua mpaka alipo mtoto, badala ya kusubiri mtoto apate nauli.

Na wanaoifanya siku kama hiyo itokee ni watu ambao hutawaona kwenye picha. Mwalimu anayekopa mpira. Mama wa uji. Mzee anayefyeka uwanja alfajiri. Toka Kiungani mpaka leo, huu mchezo hapa kwetu umebebwa na watu wasioandikwa.

Kwa hiyo "mchezo wa Wahindi"? Wahindi wa Tanzania waliutunza wakati wengine tumefungiwa nje, na hao nao ni Watanzania, heshima yao tuwape. Ila kuutunza siyo kuumiliki. Tukiendelea kuliita hivyo, tunamfungia mtoto wa Mikumi mlango ambao mkoloni alishaondoka akauacha wazi.

Sasa zamu yenu. Kama babu au bibi yako alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Kilosa, Kimamba au popote, muulize leo kama aliwahi kuona watu wanacheza kriketi pale, na nani alikuwa anaokota mipira. Alichokwambia kiandike hapo chini. Na kama wewe ni mwalimu wa michezo Kilosa au Mikumi na una uwanja, sema pia. Magongo tutachangishana.