KTN, Limuru na Ile Swichi

Wasee, kuna fundi mmoja hapa Gikomba, upande wa kushuka mtoni, ambaye meza yake imejaa dekoda zilizopasuliwa tumbo. Mteja akiinua moja, swali la kwanza si bei. Ni "hii inashika KTN?" Siku moja nikamuuliza mbona watu wanaulizia hiyo na si zingine. Akacheka. Akasema ni mazoea, halafu yeye mwenyewe KTN ndiyo ilimpa kazi, kwa sababu alianza maisha akiuza antena.

Nilidhani ni story za wazee. Kumbe ni historia kamili, na sisi wa Eastlands tunaihusika kuliko tunavyofikiria.

Anzia mwanzo. TV ilikuja Kenya 1962. Mtambo wa kwanza uliwekwa kwa nyumba ya shamba huko Limuru, na picha ilifika kama maili 15 tu, yaani kilomita 24 hivi. Shikilia hapo Limuru, tutarudi. 1964 serikali ikachukua kituo na kukiita Voice of Kenya, kisha 1989 jina la KBC likarudi. Jina lilibadilika, mwenyewe akabaki yule yule. Waulize wazazi wako habari za saa tatu zilikuwa zinaanza na nini. Zilianza na Rais. Ameenda wapi, amesalimia nani, amesali kanisa gani.

Machi 1990 KTN ikaingia hewani, chaneli 62. Hiyo 62 ilikuwa kwa mawimbi ya UHF, na antena iliyozoea KBC haikutosha. Ulihitaji ingine, zile za vijiti vifupi vifupi zinazofanana na mifupa ya samaki. Hapo ndio fundi wangu anaingia kwa story. Na hapo ndio mtu wa Nairobi alipata kuona kitu ambacho hakikupitia kwa serikali kwanza. CNN iliingia kwa sebule bila kulipiwa. Lakini ilikuwa ya Nairobi tu. Ukienda ushago Machakos ama Siaya ukiwaambia kuna TV ingine, wangeona unajigamba.

Sasa, tusidanganyane. Watu wanapenda kuongea kuhusu KTN kama ilizaliwa mwanaharakati. Haikuzaliwa hivyo. Aliyeianzisha ni wakili Jared Kangwana, na nyuma yake kulikuwa na Kenya Times Media Trust, kampuni ya gazeti la chama, na chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Mshirika wao alikuwa Robert Maxwell, bwanyenye wa magazeti kutoka Uingereza. Ni hao hao waliotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park 1989, na mama mmoja anaitwa Wangari Maathai akasimama akakataa mpaka mradi ukafa. Na studio za KTN zilikuwa wapi? Juu kule Nyayo House. Jengo lile lile ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kutesa watu waliopinga serikali. Juu kamera, chini seli. Mimi kila nikipita Kenyatta Avenue naangalia hilo jengo na siamini.

Miezi minne baada ya KTN kuanza, Julai 7, 1990, watu wakaitwa uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Saba Saba. Kamukunji, kwa wale hamjatembea huku, ni hapa hapa. Ukitoka Gikomba na mzigo mgongoni unafika kabla jasho halijakauka. Polisi wakatawanya watu, risasi, machozi, na mtaa mzima ukaingia kwa fujo. Waliokuwa hapa waliona kwa macho. Nchi nzima ilibaki na redio ya serikali, magazeti, na uvumi. Chaneli 62, hata ingetaka kuonyesha kila kitu, ingeishia viunga vya Nairobi.

Ndio maana mimi nasema jambo kubwa kwa historia ya KTN si nani alisoma habari ya kwanza. Ni umbali. Picha inafika wapi, na nani anaweza kuikata njiani.

Maxwell akafa baharini Novemba 1991, Kangwana baadaye akapoteza kituo, na kufikia mwisho wa miaka ya 90 KTN ilikuwa nyumba moja na gazeti la The Standard. Mitambo ikaongezwa polepole, mji baada ya mji. Halafu satelaiti ikamaliza hiyo hesabu ya maili. Inavyofanya kazi ni rahisi: kituo kinatuma picha juu, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na picha inarudi chini nchi nzima kwa mpigo. Kuna mahali inapokelewa na mtambo wa mlimani ambao unairusha tena kwa dekoda za kawaida, na kuna mahali inaingia moja kwa moja kwa dishi. Angalia madishi ya DStv hapa Nairobi. Yamelala karibu chali, yanaangalia utosi wa mbingu, kwa sababu satelaiti yao iko karibu juu ya vichwa vyetu kabisa. Huko Ulaya madishi yao yanaangalia ukuta wa jirani.

Kwa hivyo kituo cha Nairobi kikawa cha Lodwar na Lamu. Poa. Lakini kadiri picha ilivyofika mbali, ndivyo mkono wa kuizima ulivyozidi kuwashwa.

Machi 2, 2006, usiku, polisi waliofunika nyuso waliingia ofisi za Standard. Wakachoma magazeti kwa kiwanda cha Industrial Area, wakazima KTN. Kosa lilikuwa habari kwamba Rais Kibaki amekutana kisiri na Kalonzo Musyoka. Waziri John Michuki hata hakuomba msamaha. Alisema kitu kama hiki: ukimchokoza nyoka, tarajia kuumwa.

Februari 14, 2015, Valentine, zikazimwa tena, KTN pamoja na NTV, Citizen na QTV. Safari hii ilikuwa vita ya kuhama kwenda dijitali. Vituo vilitaka kurusha kwa mitambo yao wenyewe, mamlaka ya mawasiliano ikasema muda umeisha. Karibu wiki tatu bila hizo chaneli. Kwangu mimi hii ni kesi tofauti kidogo, kulikuwa na hoja pande zote mbili na pesa nyingi katikati. Lakini wenye zile TV za mgongo mkubwa hawakuulizwa na upande wowote. Waliambiwa tu wanunue dekoda.

Halafu Januari 30, 2018. Raila anajiapisha. Wapi? Uhuru Park, pale pale ambapo ghorofa 60 zilikataliwa. Vituo vikataka kuonyesha moja kwa moja. Asubuhi hiyo maofisa wakiwa na polisi wakapanda Limuru, kwa mitambo, wakazima. Citizen, Inooro, NTV, KTN News. Korti ikaamuru ziwashwe, amri ikakaa siku kadhaa bila kutiiwa. NTV na KTN zikarudi Februari 5, Citizen ikangoja zaidi. Na Juni 25, 2025, mwaka mmoja baada ya sisi kuingia barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, amri ikatoka kwamba maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, na KTN na NTV zikatolewa hewani, tena Limuru. Korti ikaingilia tena.

Limuru 1962, Limuru 2018, Limuru 2025. Satelaiti iko kilomita 36,000 juu, hakuna polisi anaweza kuifikia, lakini picha ya bure ya Nairobi bado inateremka kutoka mlima ule ule, na mlima una lango, na lango lina kufuli.

Mtaniambia saa hii kuna YouTube. Ndio, siku hizo vituo viliendelea kurusha mtandaoni, na mwenye bando aliona kila kitu. Lakini nani ana bando la kutazama video siku nzima? Mimi na wewe tunaosoma hii. Mama anayeuza viatu vya watoto kwa kibanda, TV yake ndogo juu ya marobota, alibaki na skrini nyeusi. Ukizima Limuru humzimi tajiri.

Na sisi watu wa Gikomba tunajua TV hutufuata lini. Hutufuata kukiungua. Juni 28, 2018, usiku, moto uliingia sokoni na nyumba za karibu, watu 15 wakafa. Hiyo ni miezi mitano tu baada ya ile blackout. Wengi wenye vibanda hapa wametoka mashinani, na jamaa zao walijua kwa TV, asubuhi, kabla simu haijashikwa. Mtu ameketi kwa nyumba Kitui anaona moshi, anatambua ile njia ya mbao, anaanza kupiga simu kama mwendawazimu. Mwaka 1990 angengoja basi lije na habari.

Nilirudi kwa fundi wiki iliyopita nikamsomea hii. Akasema nimeandika sawa, ila nimesahau kitu kimoja: bado ana antena mbili za chaneli 62 huko nyuma ya kibanda, na kama nataka, mia tatu.