Vitabu vya Hesabu vya Venice na Misingi ya Ubora wa Data

Udhibiti wa ubora wa data, yaani utaratibu wa kuhakikisha kwamba kumbukumbu za biashara ni sahihi na kamili, ulikuwapo nchini Italia karne nyingi kabla ya kompyuta. Mwaka 1494 mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kilichoeleza mbinu iliyokuwa tayari ikitumiwa na wafanyabiashara wa huko, ambao walianza kwa kuorodhesha mali na madeni yao yote, kisha wakaandika kila muamala katika daftari la awali, wakauhamishia kwenye jarida na hatimaye kwenye leja.

Kwa kuwa kila muamala uliingizwa katika leja mara mbili, upande wa debiti na wa krediti, jumla za pande hizo zilipaswa kulingana, na zilipotofautiana ilibidi kosa litafutwe. Hata hivyo, ulinganifu huo, uitwao urari, haukufichua muamala uliosahauliwa kabisa kuhamishiwa kwenye leja. Pacioli alielekeza pia watu wawili walinganishe jarida na leja, ingizo kwa ingizo. Kampuni inayoanzisha mpango wa ubora wa data leo haina budi kuanza na misingi hiyohiyo: orodha kamili, kanuni moja ya uandishi na ukaguzi wa kudumu.