Kutafuta Kiasi: Bunduki Fupi ya Kushindilia, Baruti na Shabaha katika Nchi ya Uluguru, 1857–1896

Katika Kiswahili cha karne ya 19 neno kiasi lilibeba maana mbili ambazo sasa zimetengana. Ya kwanza ni kadiri au kipimo, nayo ingali hai. Ya pili, ambayo kamusi za kale zimeihifadhi, ni risasi pamoja na baruti yake iliyokwisha kupimwa, yaani kiasi cha bunduki. Kwa mwindaji aliyejaza bunduki yake kwa mdomo wa mtutu, tofauti hiyo haikuwapo, kwa kuwa aliyekosa kipimo amekosa risasi. Makala haya yanadai kwamba shabaha duni inayohusishwa na gobori la Kiafrika katika maandishi ya wasafiri na watawala haikutokana na ujinga wa mwindaji. Ilitokana na aina ya baruti, risasi na mtutu alioruhusiwa kupata, na baada ya 1890 hali hiyo iliwekwa kwa mkataba wa kimataifa.

Eneo linalochunguzwa ni miteremko ya Uluguru. Kilakala, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Morogoro, iko chini ya milima hiyo upande wa kaskazini, jirani na mahali ulipokuwa mji wa Kisabengo na baadaye wa binti yake, Simbamwene. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliona boma la mawe lenye minara na matundu ya kupitishia bunduki. Upande wa kusini wa milima, njia nyingine ya misafara ilipitia Zungomero. Richard Burton na John Hanning Speke waliifuata mwaka 1857. Kwa hiyo Uluguru ilizungukwa na njia za pembe za ndovu, nguo na baruti pande zote mbili.

Bunduki zilizopita humo zilikuwa hasa za namna mbili: ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, na ya fataki. Zote mbili zilijazwa kwa mpango uleule. Baruti ilimiminwa kwanza, kikafuata kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki hadi chini, karibu na kifa ambako moto huingia. Katika bunduki ya kisasa kiwanda ndicho kinachoamua kiasi. Katika bunduki ya kushindilia uamuzi huo ni wa mpigaji, naye huufikia kwa majaribio tu: huanza na baruti kidogo, hupiga mara kadhaa kwenye alama moja, huongeza kidogo, na kutazama ni kipimo kipi kinachokusanya matundu pamoja. Akiongeza kupita hapo, matundu hutawanyika tena. Si ajabu kwamba mtu aliyekwisha kupata kipimo chake hukitunza katika kijaluba kimoja cha pembe au mwanzi, asikubali kingine.

Mtutu ukiwa mfupi, jambo hili huwa zito zaidi. Baruti nyeusi huhitaji muda ili iungue, na risasi katika mtutu mfupi hutoka mapema. Baruti iliyozidi huungulia nje: hutoa mwali, moshi na teke begani, lakini huongeza kasi kidogo sana. Mfano ulio bora unatoka katika jeshi la Uingereza lenyewe. Bunduki ya Enfield ya 1853 ilikuwa na mtutu wa takribani sentimita 99 na kiasi cha gramu 4.4 hivi za baruti. Karabini ya kikosi cha mizinga ya muundo huohuo ilikuwa na mtutu wa sentimita 61, na kiasi cha karabini kilipunguzwa hadi gramu 3.5 hivi. Mwaka 1861 karabini ilipewa pia mifereji 5 ndani ya mtutu badala ya 3, iliyojipinda kwa kasi zaidi ili risasi izunguke vya kutosha. Kiwanda chenye mafundi na mizani kililazimika kujifunza kwamba bunduki fupi haivumilii kiasi cha bunduki ndefu.

Karabini za mizinga zilifika Uluguru kweli. Speke aliporudi mwaka 1860 pamoja na James Augustus Grant, Serikali ya India ilimpa karabini 50 na risasi 20,000, nao walipitia Zungomero wakielekea bara. Hesabu yake ni risasi 400 kwa kila bunduki. Viasi hivyo vilipimwa na kufungwa mbali na hapa. Lakini silaha ya namna hiyo ikibaki bara baada ya viasi vyake kwisha, mwenye nayo huanza upya. Lazima apate fataki, ambazo haziokotwi mtoni kama jiwe la gumegume. Lazima asubu risasi ya madini ya risasi, kwani kipande cha chuma kitakwaruza mifereji. Tena lazima atafute kiasi kipya, kwa kuwa baruti ya biashara haikuwa ile ya jeshi. Bila shaka hii ni sababu mojawapo ya gumegume lisilo na mifereji kudumu bara: si bora, ila linalishika kwa urahisi.

Hapa ushahidi wa wasafiri unahitaji kusomwa kwa hadhari. Waliona misafara ikipiga bunduki kwa shangwe ilipoingia mjini, mtutu ukijazwa baruti tele bila risasi. Kutoka hapo ni hatua fupi kuhukumu kwamba Mwafrika hajui kupima. Ila baruti ya shangwe si ya mawindo. Anayelima kwenye miteremko na kulinda mahindi dhidi ya nguruwe-mwitu hupiga karibu, penye vichaka, na baruti aliyoinunua kwa bei kubwa. Mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kutumia kidogo kinachotosha, na mtutu mfupi unamfaa kwa kuwa haunasi katika matawi.

Baada ya Ujerumani na Uingereza kuufunga mwambao kati ya 1888 na 1889, wakati wa vita vya Abushiri, suala la silaha lilipelekwa Brussels. Mkataba wa Julai 1890 ulihusu Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Ulizuia bunduki zenye mifereji na risasi zake, isipokuwa kwa watu maalumu, na ukaacha mlango kwa gumegume lisilo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Matokeo yake kwa mwindaji wa Uluguru yalikuwa kwamba vitu vyote viwili vinavyoleta shabaha, yaani mtutu wenye mifereji na baruti ya ubora usiobadilika, viliwekwa nje ya uwezo wake kisheria. Kila shehena mpya ya baruti ilimrudisha kwenye alama yake mtini.

Miaka 6 baadaye, Mei 1896, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga hifadhi za kwanza, karibu na Rufiji na magharibi mwa Kilimanjaro. Katika mjadala wa uhifadhi uliofuata, gobori lilishutumiwa kwa kujeruhi wanyama pasipo kuwaua. Shutuma hiyo haikuwa ya uongo wakati wote, kwani risasi isiyo na mifereji hupoteza mwelekeo upesi. Lakini ilitolewa chini ya utawala wa dola iliyotia saini mkataba uleule, na waliolaumiwa kwa silaha hiyo walikuwa wamekatazwa iliyo bora.