Msasa: Kutoka Jani la Mti hadi Kibao cha Fundi

Istilahi za ufundi huingia katika Kiswahili kwa njia kuu mbili. Pengine chombo huja na jina lake. Ndivyo neno randa lilivyotoka katika Kiajemi. Pengine chombo kipya hurithi jina la kile kilichokitangulia. Msasa umepita njia hii ya pili.

Kabla ya kuwa karatasi, msasa ulikuwa mti, na ungali mti. Wanabotania huuita Ficus exasperata, jina lililotolewa na Vahl mwaka 1805. Majani yake yana vinyweleo vigumu vinavyokwaruza, na kwayo mafundi walilainisha mbao na vyombo vya nyumbani. Jani hunyumbulika, hivyo hufuata mkunjo wa nakshi pasipofikiwa na randa.

Mnamo 1833 John Oakey alianza kutengeneza karatasi yenye chembe za kioo jijini London. Mwaka uliofuata Isaac Fisher wa Vermont, Marekani, akapata hataza za karatasi ya namna hiyo. Bidhaa hiyo ilipofika Afrika Mashariki haikuhitaji jina geni. Ilifanya kazi ya jani, ikaitwa kwa jina la mti, ikabaki katika ngeli ya miti: msasa, misasa.

Fundi naye akaitengenezea vifaa. Karatasi hukunjwa juu ya kibao bapa kinachoenea kiganjani, kwa kuwa vidole vitupu huchimba sehemu laini za ubao na kuacha mawimbi. Kwa mifuo ya nakshi, huviringishwa kwenye kijiti. Kusugua hufuata nyuzi za mti, kuanzia chembe kubwa hadi ndogo.

Leo miswada hupigwa msasa, na walimu kadhalika. Mwanafunzi asiyeujua mti huenda akaidhania tamathali hiyo kuwa tafsiri ya Kiingereza, ilhali mzizi wake umo katika karakana ya mwambao. Hapo ndipo penye hatari: mti ukisahauliwa, kamusi itabaki na maana isiyo na shahidi. Kwa hiyo, utafiti wa istilahi hauna budi kuanzia mikononi mwa mafundi, wangali wapo wanaoweza kuonyesha jani na kibao kwa pamoja.