Hofu ya Kukosea: Kisomo cha Watu Wazima Tanzania, 1968–1977

Historia ya kisomo cha watu wazima nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kwa takwimu, kwa kuwa takwimu zenyewe ni za kujivunia: mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67, na ilipofika mwaka 1977, kwa hesabu za Serikali, walikuwa wamepungua hadi asilimia 27. Kikwazo kimoja, hata hivyo, hakikuweza kuondolewa kwa vitabu na kalamu peke yake, nacho ni hukumu ambayo mtu mzima alikuwa amekwisha kujihukumu kabla hajafika darasani: kwamba akili yake imezeeka, kwamba masomo ni ya watoto, na kwamba kukosea mbele za watu ni kujivunjia heshima.

Hukumu hiyo ilikuwa na chimbuko lake. Shule za wakati wa ukoloni zilikuwa chache, hivyo aliyekosa nafasi aliweza kukua akidhani kwamba upungufu ni wake mwenyewe, na jamii yenye methali ya samaki mkunje angali mbichi ilimthibitishia kwamba wakati wake umekwisha kupita. Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia taifa usiku wa kuamkia 1970, na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hakuanza na herufi. Lengo la kwanza alilolitaja lilikuwa kuwazindua wananchi waache kuyakubali maisha yao kana kwamba hayawezi kubadilika.

Namna ya kulitimiza lengo hilo ilikuwa ikijaribiwa tangu 1968 katika Kanda ya Ziwa, ambako mradi uliosaidiwa na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza ulianzisha kisomo chenye manufaa, yaani kisomo kinachofundisha herufi kwa kupitia kazi ambayo mwanakisomo anaifanya kila siku, kama vile kilimo cha pamba, uvuvi au ufugaji. Somo lilianza kwa mazungumzo juu ya kazi hiyo, kisha sentensi moja ikaandikwa ubaoni, ikavunjwa kuwa maneno, na maneno yakavunjwa kuwa silabi, hata neno pamba likabaki pa na mba, ambazo mwanakisomo aliziunganisha upya na silabi nyingine ili apate maneno mapya. Mpangilio huo ulimpa mkulima nafasi ya kusema kwanza juu ya jambo analolijua, pengine kuliko mwalimu wake, kabla ya kuinamia daftari kwa mkono uliozoea jembe. Na alipokosea herufi, hakuwa tena mtu asiyejua kitu.

Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, baadhi yao vijana waliomaliza shule ya msingi, ambao kwa desturi walipaswa kumwamkia shikamoo mzee yuleyule waliyekuwa wakimsahihisha. Adabu hiyo iliwabana: kijana hakuweza kumkaripia mama wa rika la mama yake, na sahihisho lililotolewa kwa heshima lilipokewa bila fedheha. Kampeni za redio zilikwenda mbali zaidi, hasa Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, ambamo aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu cha kampeni, wote wakajadili, kisha wakaenda pamoja kuchimba vyoo na kufyeka vichaka, hivi kwamba asiyejua kusoma hakukosa mchango wa kutoa.

Mafanikio hayo hayakuwa sawa kila mahali. Kuna sehemu ambako mahudhurio yalisukumwa kwa sheria ndogo na faini, na aliyeletwa darasani kwa kuogopa faini alikuwa na sababu ya kuliona darasa kuwa baraza la kumshitaki. Hali ya uchumi ilipozidi kuwa ngumu katika miaka ya 1980, madarasa mengi yalidhoofika. Hata hivyo, miaka ile inaonyesha kwamba mwanafunzi mzima haponi hofu ya kukosea kwa kuhimizwa tu ajiamini. Hupona pale ambapo somo linaanzia kwenye ujuzi wake, msahihishaji anamheshimu, na kosa lake halimtengi na wenzake.