Siliaki: Maradhi ambayo tiba yake ni kusoma lebo

Mjini Johannesburg mkate haukosekani. Asubuhi, wachuuzi wa Soweto huuza magwinya, maandazi ya unga wa ngano ambayo mtu wa Afrika Mashariki huyatambua mara moja. Mchana, wanafunzi na wafanyakazi hununua kota, yaani robo ya mkate iliyochimbwa katikati na kujazwa chipsi, soseji na achari. Kwa watu wengi hicho ni chakula cha bei nafuu kinachoshibisha. Kwa mwenye maradhi ya siliaki, ni chakula kinachouharibu utumbo wake, hata akila kipande kidogo tu.

Siliaki haina kidonge wala sindano ya kuiponya. Tiba yake ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Kwa kuwa gluteni haionekani kwa macho katika chakula kilichokwisha kutengenezwa, mgonjwa hulazimika kutegemea maandishi yaliyo juu ya pakiti. Asiyeweza kuyasoma, au anayeyasoma bila kuyaelewa, huendelea kuugua ilhali anaamini kwamba anafuata ushauri wa daktari.

Maradhi gani haya?

Gluteni ni jina la jumla la protini zilizomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa na mkate uumuke.

Mwenye siliaki anapokula gluteni, mfumo wake wa kinga huushambulia utando wa ndani wa utumbo mwembamba. Utando huo una vijidole vidogo mno vinavyofyonza lishe. Vijidole hivyo husinyaa na kuwa bapa, na mwili hukosa madini na vitamini hata kama mtu anakula vizuri.

Dalili zake ni nyingi: kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, uchovu, na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma. Watoto hudumaa. Wapo wanaopata vipele vinavyowasha, mifupa dhaifu au matatizo ya uzazi, na wapo wasiokuwa na dalili yoyote ya tumbo. Ugonjwa usipotibiwa kwa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya tezi katika utumbo, ingawa jambo hilo hutokea kwa nadra.

Siliaki si sawa na mzio wa ngano. Mzio humdhuru mtu ndani ya dakika au saa chache. Madhara ya siliaki hujengeka polepole, na ndiyo maana wengi huchelewa kuyagundua.

Ilivyogunduliwa

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alieleza kwa kina dalili za ugonjwa huu kwa watoto, akasema kwamba kama upo uwezekano wa kupona, basi utatokana na chakula. Hakujua ni chakula kipi.

Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa amekwisha kuishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika baridi kali ya mwaka 1944 na 1945, nchi ilipokumbwa na njaa na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporejea, na ugonjwa ulirejea. Dicke aliwasilisha utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1950. Mwaka 1997 watafiti nchini Ujerumani walikitambua kimeng'enya cha mwilini kinachoshambuliwa na kingamwili za mgonjwa, na ugunduzi huo ukawa msingi wa kipimo cha damu kinachotumika hadi leo.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu tu?

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba siliaki huwapata watu wenye asili ya Ulaya pekee. Dhana hiyo ilipata pigo mwaka 1999, pale jarida la kitabibu la The Lancet lilipochapisha uchunguzi wa watoto wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Kiwango cha Ulaya hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila 100.

Ugonjwa huhitaji mambo mawili kukutana: vinasaba vya kurithi, hasa vile viitwavyo DQ2 na DQ8, na gluteni katika chakula. Watu wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Lakini jamii zilizoishi kwa mtama, ugali wa mahindi na muhogo zinapohamia kwenye mkate, tambi na biskuti, sharti la pili hutimia.

Kusini mwa Sahara utafiti bado ni mdogo. Kuharisha na kukonda huko huhusishwa kwanza na minyoo, amiba, kifua kikuu cha tumbo au virusi vya Ukimwi. Hayo yote ni magonjwa ya kweli na ya kawaida, na ni sawa yachunguzwe kwanza. Tatizo huanza pale vipimo vyote visipoonyesha kitu, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila jibu.

Kupima kabla ya kuacha mkate

Uchunguzi huanza na damu, ambamo hutafutwa kingamwili dhidi ya kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1997. Kwa watu wazima, hatua inayofuata kwa kawaida ni kupitisha mpira wenye kamera kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba na kuchukua vipande vidogo vya utando ili vichunguzwe kwa hadubini. Nchini Afrika Kusini, vipimo vya hospitali za umma hufanywa na Huduma ya Taifa ya Maabara, NHLS, ambayo makao yake makuu yako Johannesburg.

Kosa la kawaida ni kuacha ngano kabla ya kupimwa. Mtu huona nafuu, kisha huenda hospitali. Lakini kwa wakati huo kingamwili zimepungua na utumbo umeanza kupona, hivyo kipimo huweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa. Madaktari hushauri mtu aendelee kula kama kawaida hadi vipimo vikamilike.

Sheria inasemaje?

Tarehe 1 Machi 2010 Afrika Kusini ilichapisha kanuni za lebo za vyakula zijulikanazo kama R146, zilizoanza kutekelezwa Machi 2012. Kanuni hizo ziliagiza viambato vyote viorodheshwe kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Ziliagiza pia vizio vikuu vitajwe waziwazi, vikiwemo ngano, rai, shayiri na oti.

Lebo hutakiwa kuwa kwa Kiingereza na, inapowezekana, kwa lugha nyingine rasmi walau moja, ambayo mara nyingi huwa Kiafrikana. Mhamiaji aliyezoea Kiswahili, Kisomali au Kifaransa hana budi kuyajua maneno machache. Ngano huandikwa "wheat" au "koring". Shayiri ni "barley" au "gars". Rai ni "rye" au "rog". Na oti ni "oats" au "hawer".

Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego. Baadhi ya wasemaji huita oti kwa jina la shayiri, na uji wa oti huitwa uji wa shayiri. Hizi ni nafaka mbili tofauti. Shayiri ina gluteni na mgonjwa hapaswi kuila kabisa. Oti safi huvumiliwa na wagonjwa wengi, lakini oti za kawaida za dukani aghalabu huchanganyika na ngano au shayiri shambani na kiwandani, na kwa hiyo hazifai bila ushauri wa daktari.

Maneno "gluten free" yana maana maalumu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula cha namna hiyo kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo. Kikomo hicho ni cha chini kwa sababu: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, hutosha kuuharibu utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni mara nyingi zaidi ya hiyo.

Mitego ya lebo

"Wheat free", yaani bila ngano, si sawa na "gluten free". Chakula kisicho na ngano chaweza kuwa na shayiri au rai.

Ngano pia huvaa majina mengine: semolina, durum, couscous, bulgur na spelt zote ni ngano. Kimea, kiitwacho "malt", huhitaji uangalifu zaidi. Kimea cha mtama, kinachotumika sana Afrika Kusini kwa uji na pombe ya kienyeji, hakina gluteni kwa asili. Kimea kisichotajwa nafaka yake kwa kawaida ni cha shayiri.

Maneno "may contain", yaani huenda ikawamo, huwekwa pale kiwanda kinapotengeneza vyakula tofauti kwa mashine zilezile. Mgonjwa anashauriwa kuyachukulia kama onyo la kweli.

Bidhaa za kigeni hufuata mazoea ya zinakotoka. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, vizio lazima vitofautishwe ndani ya orodha ya viambato, kwa mfano kwa wino mzito. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2004 huitaja ngano pekee. Shayiri na rai hazikuwekwa katika orodha ya vizio. Waafrika Mashariki walioko huko hawapaswi kutosheka na kutoliona neno la ngano.

Vyakula vya mji

Chakula kikuu cha Johannesburg ni pap, ndugu wa ugali, ambacho hakina gluteni. Lakini mageu, kinywaji kichachu cha mahindi, kwa desturi huchachushwa kwa kutia unga kidogo wa ngano. Boerewors, soseji maarufu ya kuchoma, yaweza kuwa na nafaka: kanuni za mwaka 1990 ziliruhusu nafaka au wanga kuchanganywa na nyama.

Katika maduka ya viungo ya Fordsburg, mvuje wa unga mara nyingi huwa umechanganywa na unga wa ngano. Injera ya teff tupu ni salama, ila wapishi wengi huongeza ngano au shayiri. Kwa Wakongo wa Yeoville, fufu ya muhogo haina shida, mradi unga haukusagwa kwenye mashine ya ngano.

Vyakula vya pwani navyo vina pande mbili. Chapati, kaimati, visheti, sambusa na bokoboko ni ngano. Mkate wa kumimina na vitumbua vya mchele, pamoja na matoke, mihogo na uji wa wimbi, havina gluteni iwapo havikuchanganywa na kitu kingine. Unga wa lishe huhitaji kuulizwa, kwani baadhi ya wasagaji hutia ngano.

Jikoni, kibao cha kusukumia chapati, mwiko wa mbao na chekecheke hushika unga, na ni bora mgonjwa awe na vyake. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi yasikaangiwe viazi vyake.

Gharama

Mikate maalumu isiyo na gluteni huuzwa kwa bei kubwa kuliko mkate wa kawaida. Hata hivyo, lishe ya mgonjwa si lazima itoke kwenye rafu hizo. Unga wa mahindi, mchele, maharage makavu, dengu, mayai, matunda na mboga vimo katika orodha ya vyakula ambavyo Afrika Kusini iliviwekea kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani. Ni vyakula ambavyo mhamiaji wa Afrika Mashariki alikwisha kuvizoea kwao.

Mgonjwa akiacha gluteni kikamilifu, dalili nyingi hupungua ndani ya wiki au miezi, ingawa utando wa utumbo wa mtu mzima waweza kuchukua miaka kupona. Anatakiwa kurudi kupimwa ili ijulikane kama kingamwili zinashuka. Zisiposhuka, mara nyingi gluteni bado inaingia mahali fulani bila yeye kujua.

Jambo la mwisho linaihusu familia yake. Wazazi, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuwa na siliaki, hata kama hawaoni dalili. Kwao pia kipimo cha damu kinashauriwa, na kifanyike kabla hawajaanza kubadili chakula.