Damu Iliyozoeleka

Mwaka wa 1910 daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi Misri, Marc Armand Ruffer, alichukua figo za maiti mbili zilizokaushwa enzi za Mafarao, akazilainisha, akazikata vipande vyembamba, akaviweka chini ya hadubini. Ndani yake akakuta mayai ya mnyoo. Maiti zile zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 3000. Mnyoo wenyewe ni ule ule unaoleta kichocho mpaka leo, kule Kwale, Tana River, Pemba na kwingineko. Walipokuwa hai, watu wale waliishi na ugonjwa ambao dalili yake kubwa ni mkojo wenye damu.

Naanzia mbali hivyo kwa sababu nimeisoma historia ya saratani ya kibofu kwa karibu miaka miwili sasa, na kila nikigeuka nakutana na jambo moja: damu ambayo watu waliizoea. Kibofu si kama matiti au shingo ya uzazi, hakina kampeni wala utepe unaojulikana mtaani. Kinatoa ishara moja tu, mara nyingi bila maumivu. Halafu jamii inakaa chini na kuitafutia ishara hiyo jina la kawaida.

Mimi nilipewa majibu ya biopsi nikiwa na miaka 24. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma historia. Kati ya karo na hospitali, pesa zilijua pa kwenda, nikaacha chuo. Tangu hapo naandika hapa na pale kwa malipo, na usiku nasoma. Watu wengine wakiumwa husali zaidi, wengine hupika. Mimi nilitaka kujua ni nani alipita njia hii kabla yangu.

Kwangu pia damu ilikuwa na jina tayari. Damu ya mwanamke haikosi maelezo: ni mwezi, ni sindano ya kupanga uzazi, ni UTI. Kwa miezi saba nilipewa dawa za UTI mara nne, kliniki tofauti tofauti, na kila mara damu ilikatika kidogo kisha ikarudi. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nchini Marekani, wastani wa umri wa wanaogunduliwa na saratani hii ni miaka 73, na wengi wao ni wanaume. Sasa msichana wa miaka 24 akiingia na malalamiko ya mkojo, nani atafikiria kibofu cha mzee?

Turudi Cairo. Mwaka wa 1851, kwenye hospitali ya Kasr el-Aini, Mjerumani mmoja kijana, Theodor Bilharz, alikuwa akipasua maiti ili kujua zilichofia. Kwenye mishipa ya damu akaona minyoo myembamba, dume na jike wamekumbatiana. Alikuwa na miaka 26. Nilipohesabu nikacheka: tungekuwa darasa moja. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa amekufa kwa homa, na jina lake likabaki kwenye ugonjwa, bilharzia.

Mnyoo huyu hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Mayai yake yana mwiba mdogo, na yanatakiwa yapenye mpaka ndani ya kibofu yatoke na mkojo. Yakifika kwenye maji, yanatoa vijidudu vinavyomwingia konokono, na kutoka kwa konokono wanatoka wengine wanaopenya ngozi ya yeyote anayeoga, anayefua, anayevuka mto. Lakini si mayai yote yanayotoka. Mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Mwili unayapiga vita mwaka baada ya mwaka, ukuta unakuwa na makovu, seli zinakufa na kuzaliwa upya bila kupumzika. Ukizidi kujenga upya namna hiyo, siku moja kuna kitu kinajengwa vibaya.

Mwaka wa 1911, A. R. Ferguson, mwalimu wa patholojia pale Cairo, alichapisha maelezo ya wagonjwa 40 waliokuwa na saratani ya kibofu pamoja na kichocho, akasema mambo haya mawili yanahusiana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka mnyoo huu rasmi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka wa 1994. Hesabu mwenyewe, ni miaka 83. Katikati hapo Misri ilikuwa imepanua mifereji ya kumwagilia mashamba mwaka mzima, pamba ikastawi, na konokono wakastawi nayo. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ikawa ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa nchi hiyo. Wengi hawakuwa wazee. Walikuwa wakulima walio katikati ya maisha, waliosimama majini tangu utotoni.

Haya yote niliyasoma kwenye simu. Lakini mtu aliyenifanya niyaelewe nilikutana naye kwenye benchi la kliniki, kwenye hospitali moja ya rufaa. Mzee wa kofia ya kufumwa, ametoka ndani ndani Kwale. Aliniangalia, akaangalia huku na huku.

"Umemleta nani, mwanangu?"

"Nimejileta mwenyewe, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Pole sana. Basi mimi na wewe tumekuwa rika moja."

Akaniambia kwamba utotoni mwao kijijini, mvulana kukojoa damu halikuwa jambo la kushtua. Walikuwa wanaogelea bwawani kutwa. Ambaye mkojo wake haujageuka rangi alichekwa kuwa bado mtoto. "Sisi tulijua ni kubalehe," akasema. "Wasichana wana yao, na sisi tuna yetu." Kumbe imani hiyo haikuwa ya kijiji chake peke yake, imeandikwa kutoka sehemu nyingi za Afrika zenye kichocho. Na siwezi kuwacheka. Kama kila mtoto unayemjua anakojoa damu, na wote wanacheza mpira jioni, utaitaje ugonjwa? Malipo huja miaka 30 au 40 baadaye, wakati hakuna anayekumbuka bwawa.

Saratani ya mzee na yangu si aina moja. Yake ni ile inayofuatana na kichocho. Yangu ni ya seli za utando wa ndani, aina ambayo ndiyo ya kawaida Ulaya na Marekani, na ambayo inahusishwa zaidi na moshi wa sigara na kemikali. Mimi sijawahi kuvuta sigara, na bwawa la Kwale sijaliona. Daktari aliniambia wakati mwingine hakuna pa kunyooshea kidole. Lakini hata aina hii ina historia yake ya damu, na inaanzia kwenye rangi za nguo.

Mwaka wa 1856, kijana wa London mwenye miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata kwinini. Alipata rangi ya zambarau. Kutoka hapo kukazaliwa viwanda vikubwa vya rangi za kutengenezwa, hasa Ujerumani. Mwaka wa 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alisimama mbele ya madaktari wenzake akawaambia kwamba amewaona wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja cha rangi, wote wana uvimbe kwenye kibofu. Watatu kutoka sehemu moja ya kazi ni wengi mno kuwa sadfa.

Unadhani viwanda vilifungwa? Wapi. Mwaka wa 1938 Wilhelm Hueper na wenzake walionyesha kwamba kemikali moja ya viwanda hivyo, beta-naftilamini, inaleta saratani ya kibofu kwa mbwa. Viwanda vya Uingereza viliiacha tu karibu na mwaka wa 1950. Kemikali hiyo hiyo imo kwenye moshi wa sigara. Zaidi ya miaka 50, basi, tangu mtu aseme hadharani mpaka mtu asikilize. Naisoma miaka hiyo nikikumbuka miezi yangu saba, na hasira yangu inapata ukubwa wake halisi. Haiishi, lakini inajipanga foleni nyuma ya hasira za wengine.

Sipendi mtu akidhani historia ni orodha ya machungu tu. Kuna vitu viwili ambavyo bila hivyo nisingekuwa hapa.

Cha kwanza ni kuona. Mwaka wa 1879, Max Nitze alionyesha Vienna kifaa cha kutazama ndani ya kibofu cha mtu aliye hai. Mwanga wake ulitoka kwenye waya wa platini uliopashwa moto kwa umeme, na maji yalipitishwa pembeni ili mgonjwa asiungue. Cha siku hizi, sistoskopi, ni chembamba na chenye kamera. Mara ya kwanza niliona kibofu changu kwenye skrini: ukuta wa waridi wenye mishipa midogo, halafu pembeni kitu kama mwani unaocheza majini. Kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Wakakikwangua. Kilikuwa cha daraja la juu lakini hakijafika kwenye msuli, kwa hivyo kibofu changu bado ninacho.

Cha pili kiko mkononi mwako pengine. Lile kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo Mkenya anachanjwa akiwa mchanga. Albert Calmette na Camille Guérin waliikuza bakteria yake Lille, Ufaransa, kwa miaka 13, wakiihamisha mara 230, mpaka ikapoteza makali. Ilipewa mtoto kwa mara ya kwanza mwaka wa 1921. Mwaka wa 1976, Alvaro Morales na wenzake huko Kingston, Kanada, wakachapisha matokeo ya wagonjwa tisa waliowekewa BCG moja kwa moja kwenye kibofu. Bakteria hai inauamsha mwili, mwili unakuja kupigana, na seli za saratani zinapigwa pamoja. Hadi leo, kwa hali kama yangu, hiyo ndiyo dawa. Mara moja kwa wiki, wiki sita.

Vitabu havikuambii jinsi unavyoishi nayo. Unawekewa mpira, dawa inaingia, unaizuia masaa mawili. Halafu unatakiwa kukojoa umekaa, na kwa masaa sita umwage Jik chooni kila unapotoka, uache dakika kama 15 kabla ya kuvuta maji, maana ile ni bakteria hai. Sasa fanya hivyo kwenye choo cha ploti, nyumba nane. Ilibidi nimwambie jirani. Nilitayarisha maneno siku mbili. Nikamwambia, "Mama Brayo, niko na saratani ya kibofu, siku za Jumanne naomba choo cha mwisho kiwe changu mpaka jioni." Akasema sawa. Baadaye nikakuta ameweka kufuli, na funguo mbili, moja yangu.

Huko ndiko kukabiliana, kwa jinsi nilivyokujua mimi. Sijawahi kuwa jasiri. Nililisema neno kibofu mbele ya watu. Nililisema kwenye kundi la WhatsApp la harambee, ambapo shangazi alikuwa ameandika "tatizo la tumbo" kwa heshima, nikamwomba abadilishe. Nililisema kwa kijana niliyekuwa naye, ambaye aliondoka polepole, na kwa yule aliyekuja baadaye, ambaye aliuliza maswali mengi kuliko daktari. Kila mara aibu ilikuwa kubwa kabla ya kusema kuliko baada ya kusema. Kila miezi mitatu narudi kwenye skrini ile, na wiki moja kabla sifai kitu, siandiki, silali. Saratani hii ina tabia ya kurudi. Hilo sijalizoea, na nimeamua si lazima nilizoee.

Kama umeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama hakuna maumivu, hata kama una miaka 20, usikubali jina la kawaida mpaka upimwe. Kama ni UTI, kipimo kitasema. Ukitibiwa na damu irudi, uliza kuhusu kibofu, kwa sauti, ukilitaja.

Yule mzee sikumwona tena kwenye benchi. Lakini aliniambia kitu kuhusu wajukuu wake. Siku ya dawa shuleni, wanasimama mmoja mmoja kando ya fimbo iliyochorwa alama. Urefu wa mtoto ndio unaosema ni tembe ngapi za praziquantel, hakuna haja ya mizani. Tembe ni kubwa, chungu, na watoto wanazikunjia uso. Mjukuu wa mwisho alikojoa damu mwaka juzi, akaenda kumwambia mwalimu siku hiyo hiyo. "Alikimbia," mzee akasema, na alikuwa anajivuna. "Sisi tulikuwa tunaonyeshana."